Nani Amfuate Ng'ombe Aliyepotea?

Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2021, wavulana wanne wa kijiji cha Ngoile, wilayani Ngorongoro, walirudi kutoka shule kisha wakatoka tena. Kulikuwa na mifugo iliyopotea, na kazi ya kuitafuta ilikuwa yao. Walikuwa na umri wa kati ya miaka 9 na 11. Msituni wakakutana na simba. Watatu waliuawa. Wa nne alijeruhiwa, akaokoka.

Habari ile ilizunguka dunia kwa siku mbili tatu. Polisi mkoani Arusha walithibitisha tukio, wakawaasa wafugaji wanaoishi jirani na wanyama wakali wawe waangalifu, hasa kwa watoto wanaotumwa kuchunga. Baadaye mambo mengine yakaja juu, na Ngoile ikabaki na msiba wake.

Mimi nimeshindwa kuiacha. Nimekulia Karatu, na kila ninapoirudia taarifa ile macho yananasa kwenye maneno mawili: mifugo iliyopotea. Tumezoea kulijadili jambo hili kama kesi ya watu wawili, binadamu na simba, na kila anayeshika kalamu anatakiwa aseme yuko upande wa nani. Kesi ya Ngoile ilikuwa na wa tatu, naye ni ng'ombe. Kama ng'ombe angerudi bomani na wenzake, watoto wale wangekula wakalala, na simba wangepita zao.

Nilikulia Mbulumbulu, upande wa Karatu unaopakana na msitu wa hifadhi. Kata yetu ina kijiji kinachoitwa Kambi ya Simba. Kule Rhotia kuna Kilimatembo. Mgeni akisoma tu majina ya vijiji vyetu ataelewa tumejenga jirani na nani. Usiku wa utoto wangu ulikuwa na sauti ya fisi kama vile usiku wa mtoto wa Tanga ulivyo na sauti ya mawimbi, na asubuhi wazee walisoma nyayo njiani kabla ya kufungua zizi.

Jioni moja nikiwa na miaka 10, mbuzi wetu watano hawakuonekana. Tulikuwa tunacheza, wakatuponyoka. Nilijua wameshuka korongoni, upande wa msitu, na nilijua ni nani hulia korongoni kila usiku. Nikaenda. Nataka msomaji anielewe vizuri hapa: sikuwa jasiri. Nilikwenda kwa kuwa kurudi nyumbani bila mbuzi kulinitisha kuliko fisi. Fisi nilikuwa namsikia kwa mbali; fimbo ya baba niliijua kwa karibu. Mtoto wa mfugaji, awe Mwiraqw, Mmaasai au Mdatoga, anaifahamu hesabu hiyo, na huifanya peke yake, haraka, jua likizama.

Nilikutana na jirani yetu akitoka shamba na jembe begani. Akaniuliza ninakwenda wapi. Nilipomweleza hakunigombeza, alinishika mkono, akanirudisha hadi nyumbani, akamwambia baba, "Mwenzangu, hii si kazi ya mtoto. Chukua tochi twende." Wakaenda watu wazima watatu, na mikuki. Mbuzi wanne walipatikana.

Yote ninayotaka kusema katika makala hii yamo katika tendo lile la jirani.

Kwanza twende kusini, maana huko ndiko nchi yetu ilikofundishwa kwa damu nyingi zaidi. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 563 nchini Tanzania na kujeruhi wengine wasiopungua 308. Takwimu hizo zilikusanywa na watafiti wakiongozwa na Profesa Craig Packer, aliyewafuatilia simba wa Serengeti na Ngorongoro kwa miongo kadhaa. Sehemu kubwa ya vifo haikutokea kaskazini, kwenye mbuga ambazo watalii huzijua. Ilitokea kusini na pwani: Lindi, Mtwara, Rufiji. Simba mmoja wa Rufiji, ambaye wananchi walimpa jina la Osama, alihesabiwa vifo zaidi ya 35 kati ya 2002 na 2004. Alipouawa na askari wa wanyamapori alikutwa na jipu chini ya gego.

Wengi tulilikumbuka lile jipu. Lilitupa maelezo rahisi: simba mgonjwa, jino linauma, anatafuta nyama laini. Watafiti walikuta kitu kingine kilichoenea zaidi, nacho ni nguruwe pori. Mahali nguruwe walipokuwa wengi, wakulima walilazimika kulala shambani wakati wa mavuno, kwenye vibanda vya nyasi na madungu, ili wasiamke na shamba tupu. Simba naye aliwafuata nguruwe hao hao. Akifika shambani usiku anamkuta mtu amelala kwenye kibanda kisicho na mlango. Watafiti hao walikuja kugundua pia kwamba mashambulizi mengi hutokea siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo za usiku, wakati giza limeshaingia na mwezi bado haujachomoza. Simba huwa ameshinda na njaa siku za mbalamwezi, kwa kuwa mawindo humwona akija. Giza linaporudi, anarudi kazini.

Mwezi mpevu wa Julai 2021 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 24. Watoto wa Ngoile walitoka siku tisa baadaye. Siwezi kusema mwezi ndio uliowaua. Ninachosema ni kwamba maarifa hayo yamekuwapo kwenye majarida ya kisayansi tangu mwaka 2011, na hadi leo sijawahi kuona kalenda ya mwezi imebandikwa kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji, au kusikia redio ikitangaza jioni: wiki hii watoto wasichunge mbali.

Kusini mtu alikuwa nje gizani kwa sababu ya nguruwe. Ngorongoro mtoto yuko nje gizani kwa sababu ya ng'ombe. Hapa Karatu, kwenye vijiji vinavyogusa msitu, mkulima yuko nje gizani kwa sababu ya tembo na nyati wanaovuka kuja kula mahindi, na anakaa na moto mdogo na debe la kupiga. Kila mahali simba, chui au fisi anakutana na mtu aliyesukumwa nje na riziki. Hatuwezi kumwambia mtu huyo "chukua tahadhari" tukaondoka. Tahadhari anaijua tangu alipozaliwa. Anachokosa ni mtu wa kumpokea zamu.

Kwa nini ng'ombe mmoja awe na uzito wa kumtoa mtoto nje? Lazima kuieleza Ngorongoro kidogo, kwa faida ya wanaoijua kwa picha za kreta tu. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 kwa mpango wa matumizi mseto: wanyamapori na wafugaji kwenye ardhi moja, yenye kilomita za mraba 8,292. Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti waliondolewa huko wakaahidiwa kwamba hapa wataendelea na maisha yao. Miaka ya 1970 wakazi waliondolewa ndani ya kreta. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kikapigwa marufuku tena mwaka 2009. Kwa hiyo familia ya Ngoile haina shamba la mahindi la kuegemea mvua zikikataa. Ina mifugo. Ng'ombe ndiye ada, ndiye unga unaonunuliwa Karatu siku ya mnada, ndiye nauli ya kwenda hospitali. Ng'ombe wawili wakilala nje, nusu mwaka wa familia umelala nje. Baba akimtuma mtoto si kwamba hampendi. Amebanwa, naye amembana mtoto.

Sasa niseme habari za simba wenyewe, kwa sababu nawapenda, na sitaki anayesoma adhani ninawasemea watu kwa kuwachukia wanyama. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa mno, nzi wanyonyao damu walifurika ndani ya kreta. Simba walidhoofika kwa vidonda hadi wakashindwa kuwinda, na kati ya simba wengi waliokuwamo wakabaki 10 hivi, dume akiwa mmoja. Miaka michache iliyofuata waliingia madume wachache kutoka nje. Kizazi chote kilichokuja kujulikana na watalii kama simba wa kreta kilitokana na hao wachache, na wanasayansi wakakuta ndani yake dalili za ndugu kuzaliana kwa ndugu. Mwaka 2001 ugonjwa wa virusi wa mbwa ukawapiga tena, ule ule ambao mwaka 1994 uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Kreta ni kama bakuli. Ina nyumbu, pundamilia na maji mwaka mzima, lakini kuta zake zina urefu wa mita 600 hivi. Damu mpya haitoki ndani ya bakuli. Inatoka Serengeti na Ndutu, kwa miguu ya madume vijana waliofukuzwa na baba zao wakiwa na miaka miwili au mitatu. Na kati ya Ndutu na kreta kuna nini? Kuna Olbalbal. Kuna Ngoile. Kuna maboma, ng'ombe, mbuzi na watoto wanaotoka shule. Dume kijana asiyejua kuwinda vizuri, mwenye njaa, asiye na kwao, anapita hapo. Ndiye anayehitajiwa sana na simba wa kreta, na ndiye wa hatari kuliko wote kwa mfugaji.

Hilo ndilo linalonifanya nikasirike ninaposikia watu wakisema wafugaji ni kikwazo cha uhifadhi. Ufunguo wa njia ile wameushika wao. Simba wa kreta atapata mke au mume kutoka nje siku ambayo kijana wa Olbalbal, mwenye mkuki mkononi na ng'ombe aliyejeruhiwa nyuma yake, ataamua kutoutupa mkuki. Tunamwomba uamuzi huo kila mwaka, bila barua, bila mshahara, na kwa sehemu kubwa bila asante.

Nimesema kwa sehemu kubwa, kwa kuwa kuna kazi moja lazima niitaje kwa heshima. Tangu mwaka 2011 shirika la KopeLion, lililoanzishwa na mtafiti Ingela Jansson, limekuwa likiajiri vijana wa Kimaasai wa Ngorongoro wanaoitwa ilchokuti, yaani wachungaji. Miongoni mwao wamo ambao zamani walikwenda kuwinda simba kama wenzao wa rika. Kazi yao ni kufuatilia nyayo na mikanda ya mawasiliano shingoni mwa simba, kuwapigia simu wachungaji kuwaambia leo msiende upande ule, kutibu ng'ombe aliyeparuliwa, kuziba boma lililotoboka, na kuwatuliza vijana waliokwisha shika mikuki. Vijiji pia hulipwa kwa kadiri simba wanavyokuwapo kwenye ardhi yao. Lakini kazi iliyonigusa kuliko zote ni ndogo, na haipigwi picha: hutafuta mifugo iliyopotea. Boma likipiga simu kwamba ng'ombe hawajarudi, anakwenda mtu mzima anayejua simba wako wapi.

Ni jirani yetu yule wa Mbulumbulu, sasa ana simu na posho.

Wenzetu wa Amboseli, Kenya, walianza kazi ya namna hiyo mwaka 2007 kupitia Lion Guardians, nao hutafuta mifugo, na hutafuta pia wachungaji wadogo waliopotea. Haikuwazuilia kila balaa. Mwezi Mei 2023 dume maarufu aitwaye Loonkito, mwenye miaka 19, aliuawa kwa mikuki baada ya kuvamia zizi, na katika siku zile zile simba wengine sita waliuawa Mbirikani baada ya kula mbuzi 11. Na Ngorongoro kwenyewe, ilchokuti walikuwapo hata siku ile ya Ngoile. Mtu anaweza kusema basi kazi yao haifai. Mimi nasema ni wachache mno, wanategemea fedha za wafadhili, na eneo lao lina ukubwa wa kutisha. Hospitali yenye muuguzi mmoja ikipoteza mgonjwa hatufungi hospitali.

Serikali, kwa upande wake, ina utaratibu ambao jina lake peke yake linanisumbua: kifuta jasho na kifuta machozi. Kifuta jasho ni kwa mazao na mifugo. Kifuta machozi ni kwa aliyejeruhiwa au aliyeuawa. Viongozi hurudia mara kwa mara kwamba hii si fidia, na wanasema kweli, kwa sababu hakuna anayeweza kumfidia mama mtoto. Kwa kanuni za mwaka 2011 kifuta machozi cha kifo kilikuwa shilingi 1,000,000. Viwango vimekuja kupandishwa baadaye, nami naishukuru Wizara ya Maliasili na Utalii kwa hilo. Lakini tuiangalie ile milioni moja iliyokuwa kwenye kanuni mwaka wa Ngoile. Kwa bei ya dola ya wakati ule ilikuwa kama dola 430. Ada ya gari moja kushuka kreta ni dola 250 kabla ya kodi, mbali na kiingilio cha kila abiria. Magari mawili yakipita geti asubuhi, kabla dereva hajamaliza chai yake, yameshaipita bei tuliyoiandikia roho ya mtu. Na ukikaa kwenye geti la Lodoare msimu wa Julai hadi Septemba utachoka kuyahesabu.

Silalamikii ada. Mgeni alipe, tena alipe vizuri. Sehemu kubwa ya mji wa Karatu inaishi kwa mgeni huyo, kuanzia mwosha magari hadi muuza nyanya. Ninauliza kwa nini fedha ya simba inasubiri hadi mtu afe ndipo ianze safari ya kurudi kijijini. Na safari yenyewe ni ndefu: taarifa kijijini, ofisa wanyamapori aje kuthibitisha, fomu zijazwe, zipande wilayani, ziende Dodoma. Wabunge wamelalamikia ucheleweshaji huu miaka nenda rudi. Kinachotolewa kwa ng'ombe aliyeliwa hakifikii hata robo ya bei yake mnadani, na ng'ombe aliyepotea akaliwa bila shahidi hana fomu kabisa. Mfugaji analijua hilo. Ndiyo maana anataka ng'ombe apatikane usiku ule ule, akiwa hai, na mtu wa karibu kumtuma ni mtoto.

Kuna neno gumu lazima niliseme, na najua baadhi ya rafiki zangu wa uhifadhi watanuna. Simba aliyekwisha kuwinda binadamu auawe. Auawe mapema, na askari wenye silaha na mafunzo, wakiwa na uhakika kwamba ndiye. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamruhusu hata mwananchi kuua mnyama katika kujitetea. Kumwonea haya simba wa namna hiyo ni kuwasaliti simba wengine wote, kwa sababu askari wasipofika, wananchi wataimaliza kazi kwa njia yao, na siku hizi njia yao ni sumu. Mwezi Februari 2018, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, walikutwa simba 6 na tumbusi 74 wamekufa kwa sumu. Mkuki huchagua. Sumu inamuua simba, fisi, bweha, mbwa wa jirani, na ndege wanaosafisha mizoga.

Kuna wanaopendekeza kuwahamisha simba wasumbufu. Mwaka 2020 Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, ilitangaza kuhamisha simba 36 kutoka eneo la Serengeti kwenda Burigi-Chato, baada ya malalamiko ya kushambulia watu na mifugo. Naielewa nia. Ila India walijaribu hivyo kwa chui wa Junnar, jimbo la Maharashtra, na mtafiti Vidya Athreya na wenzake wakakuta mashambulizi kwa watu yaliongezeka badala ya kupungua. Mnyama aliyetupwa kwenye nchi asiyoijua huwa na njaa na woga, na huko alikopelekwa kuna watu pia. Kuhamisha kuwe dawa ya mwisho, na kijiji cha upande wa pili kiulizwe.

Kisha kuna pendekezo la kuwahamisha watu. Tangu Juni 2022 kaya zimekuwa zikihamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Hoja ya Serikali ni idadi: wakazi 8,000 mwaka 1959, zaidi ya 100,000 sasa. Idadi hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Malisho hayakui kama watu wanavyokua. Lakini anayeniambia kwamba kuhamisha watu kutamaliza mgogoro wa watu na wanyama wakali, nitamwomba aje alale kwetu usiku mmoja. Karatu tuko nje ya hifadhi. Tuna mpaka na kila upande unajulikana. Fisi hawajawahi kuusoma. Ukiwatoa watu wa Olbalbal leo, mstari wa mbele utahamia kwingine, kwa watu wasio na mazoea ya simba na wasio na sababu ya kumvumilia.

Na kuna athari ambayo haionekani haraka. Agosti 2024 maelfu ya wakazi wa Ngorongoro walikusanyika barabarani wakidai huduma na haki yao ya kupiga kura. Mtu anayeamka kila siku akijiuliza kama mwakani atakuwa hapa, hawezi kuombwa amlinde simba kwa ajili ya miaka 50 ijayo. Atamlinda kwa ajili ya nani? Mwenye uhakika na boma lake ndiye hupanda uzio unaochukua miaka kukua. Kule Simanjiro, shirika la African People & Wildlife limesaidia wafugaji kujenga mazizi yanayoitwa kuta hai: miti ya oltemwai inapandwa ikiwa nguzo, inachipua, na wavu wa chuma unafungwa kati yake. Fisi na simba wanazunguka usiku kucha bila kupata upenyo. Ni kitu kizuri sana kukitazama, uzio wenye majani. Lakini hukipandi mahali unapodhani utaondolewa, na ndani ya hifadhi wakazi wamekuwa wakilalamikia ugumu wa vibali vya kujenga chochote cha kudumu.

Kwa hiyo ninaomba nini? Ninaomba fedha ya simba itangulie msiba. Kila kijiji kinachopakana na njia za wanyama wakali, ndani ya Ngorongoro na huku Karatu, kiwe na watafuta mifugo wanaolipwa kutoka mapato ya utalii. Waajiriwe na kijiji, wajulikane kwa majina, wawe na simu yenye salio, tochi, pikipiki na namba ya askari wa zamu anayepokea. Watoto wa shule ya msingi wasitumwe kutafuta mnyama baada ya saa 10 jioni, na hiyo iwe sheria ndogo ya kijiji. Wazazi wataifuata, kwa kuwa watakuwa na mtu mwingine wa kumtuma. Mzazi akipiga simu na ng'ombe asipatikane, yaani wahusika wameitwa wakashindwa, basi alipwe bei ya mnadani. Hapo fimbo ya baba itapoteza kazi yake.

Gharama? Chukua ada ya magari machache kwa siku, kati ya yote yanayoshuka. Sitaandika bajeti ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro hapa, wana wahasibu wao. Ninachojua ni kwamba tunalipa askari walinde faru kwa saa 24, na tunafanya vizuri, maana faru weusi wa kreta ni wachache na majangili hawalali. Tumeshakubali basi kwamba kiumbe anayetishiwa hulindwa kabla hajafa.

Tanzania ina simba wengi kuliko nchi yoyote duniani. Ninajivunia. Nimesimama ukingoni mwa kreta alfajiri na wanangu, tukasikia dume akiunguruma huko chini kwenye ukungu, na mdogo wao akanishika suruali bila kusema neno. Ningependa wajukuu wangu waisikie sauti ile, na ningependa waisikie wakiwa wameshika mkono wa mtu.

Yule mvulana wa nne wa Ngoile, aliyeokoka, anaingia sasa kwenye umri wa kuwa moran. Babu zake kwa umri huo walikwenda kumtafuta simba kwa mkuki ili waitwe wanaume. Yeye ataombwa asifanye hivyo. Ataombwa zaidi: awaache simba wapite Olbalbal waende kreta, na pengine awe mmoja wa wanaowafuata nyayo. Kuna mtu kutoka upande wetu, ofisa au mtafiti au kiongozi, ambaye siku moja atakwenda kukaa naye chini ya mti kumweleza ombi hilo. Kabla ya kufungua mdomo, mtu huyo atakuwa ameshaulizwa swali moja tu: tangu siku ile, jioni ng'ombe wakipotea, anakwenda nani?